Picha Yetu Wenyewe Ilitufungia Njia



Mfungo mosi ukikaribia, maswali mnayotuletea ni yale yale: hina ipi inashika rangi, singo ianze siku ngapi kabla, sanduku la biharusi litiwe nini. Leo tunaomba radhi, hina itasubiri. Tunataka kuzungumza njia. Mwaka 2024 tulimsindikiza mdogo wetu kwa mumewe tukiwa tumepanga kila kitu mpaka idadi ya pini za mtandio. Kitu kimoja hatukukipanga: tutajuaje kama njia inapitika.

Mume wa mdogo wetu ni mtu wa Nyantakara. Mtauliza, kama sisi tulivyouliza siku ya posa, iko wapi hiyo? Ni Kagera, Wilaya ya Biharamulo, pande za misitu inayoelekea Ngara, jirani na Rwanda na Burundi. Malori ya mizigo hupita lami ya Lusahunga kwenda Rusumo. Ukiiacha lami unaingia njia za vumbi, na mvua ikinyesha vumbi lile linakuwa tope jekundu la kuvua kiatu na kukibakisha huko huko.

Nikaha ilifungwa hapa hapa Unguja baada ya Idi. Wakwe wakaomba biharusi apelekwe kwao, maana bibi wa bwana harusi ni mtu mzima sana, hawezi tena safari, na alitaka kumuona mke wa mjukuu wake. Tukafunga safari: biharusi na mumewe, shangazi, somo, na sisi dada zake watatu. Boti mpaka Dar, basi mpaka Kahama, tukalala, asubuhi tukaendelea.

Masika ya mwaka ule mnayakumbuka. El Niño ilikuwa imeshika, mito imefurika kila upande. Tarehe 25 Aprili Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alilieleza Bunge kwamba mvua na mafuriko vilikuwa vimeshaua watu 155 nchini. Sisi tulikuwa safarini siku zile zile, na udi wetu kwenye mkoba.

Picha moja

Tulipopita Nyakanazi mvua ilikuwa imekatika. Mahala fulani, pembeni ya lami, tuliona njia ndogo ya kuingilia mashambani imefunikwa na maji, mvulana amebeba baiskeli kichwani anavuka. Mmoja wetu akapiga picha dirishani. Picha nzuri, hatukatai. Tukaituma kwenye kundi la familia na maneno haya: "Tunakaribia Nyantakara, njia imejaa maji, tuombeeni dua."

Ndiyo hayo tu. Hatukuandika ni wapi, wala saa ngapi. Hatukusema kwamba ile si njia yetu, kwamba sisi tulikuwa juu ya lami kavu tunakula karanga. Tulitaka dua, na labda tulitaka pia watu wa nyumbani waone jinsi tunavyojitolea kwa ajili ya mdogo wetu.

Tulifika Lusahunga alasiri. Shemeji akatafuta gari ya kukodi ya kutuingiza ndani. Dereva wa kwanza akakataa. Wa pili akakataa. Wa tatu akatoa simu yake na kusema, "Mama zangu, huko hakwendeki, angalieni wenyewe."

Tukaangalia. Ilikuwa picha yetu. Mvulana yule yule, baiskeli ile ile, na ukingo wa dirisha la basi letu kwenye pembe. Ila maneno yalikuwa mengine: "Daraja la kwenda Nyantakara limeondoka na maji, watu wamezama, usipite."

Tukamwambia, baba, hii picha ni yetu. Akacheka. Akasema ameipata kwa dereva mwenzake anayemwamini, na yule naye kaipata kwa mtu wa huko huko. Tukamuonesha ya kwetu. Akazitazama zote mbili, akatikisa kichwa, akasema, "Hata kama ni yenu, sasa mnajuaje kama daraja lipo?"

Hapo ndipo tulipokosa jibu. Kwa sababu kweli hatukujua. Habari tuliyoizaa sisi wenyewe ilikuwa imeturudia kwa sura ya mgeni, na sisi tukaiogopa. Tukalala Lusahunga, nyumba ya wageni, saba katika vyumba viwili, biharusi na hina yake mpya akilala katikati ya shangazi na somo.

Asubuhi alikuja kijana wa bodaboda aliyetoka kule alfajiri. Viatu vyake vikavu. "Njia nzima mama, kuna tope kidogo tu."

Kilichotukuta uani

Tulipokelewa kwa vigelegele, tukakaribishwa ndizi na maharage na maziwa. Bibi alimshika mdogo wetu uso kwa mikono miwili, akamuombea dua ndefu. Tulidhani tumefika salama na mambo yamekwisha.

Kisha tukaitwa chumba cha uani kumuona wifi, dada wa bwana harusi. Alikuwa amelala, mtoto mchanga pembeni yake. Tukapongeza, tukauliza, umejifungua lini? Mavyaa wa mdogo wetu ndiye aliyejibu, kwa sauti ya chini.

Uchungu ulimshika jana magharibi. Wakaita gari impeleke kituo cha afya. Dereva alikuwa ameshaiona picha. Kwa hofu ya daraja lililoondoka, akaacha njia fupi akazunguka njia ndefu ya mashambani, na huko ndiko gari ilikokwama. Wifi alijifungulia kiti cha nyuma, gizani, mama yake akimulika kwa tochi ya simu, bila mkunga. Damu ilimtoka nyingi. Mwenyezi Mungu akamnusuru. Daraja la njia fupi lilikuwa limesimama pale pale, zima, usiku kucha.

Hakuna aliyetulaumu. Wengine mle ndani walikuwa hawajui hata picha ilianzia wapi. Sisi tulijua. Somo wetu, ambaye hanyamazi kwa jambo lolote, siku ile alinyamaza mpaka isha.

Jioni tulikwenda kwa wifi, sote watatu, tukamwambia ukweli na kumuomba radhi. Alitutazama muda, kisha akasema, "Nyie mlituma maji, wengine wakaongeza daraja." Akatusamehe. Lakini mpaka leo mtoto yule wanamwita kwa utani Kalavati, na kila tukilisikia jina hilo moyo unashtuka.

Tangu chuoni tumesomeshwa kwamba Suratul Hujurat inatuamrisha kuhakiki habari kabla hatujawadhuru watu kwa kutojua. Tuliifahamu kwa habari za fitina, za fulani kasema na fulani kafanya. Hatukuwahi kufikiri kwamba inaihusu pia picha ya maji. Na tumefundishwa kwamba kuondoa njiani chenye kuwadhuru watu ni katika imani. Sisi tulikuwa tumeweka chenye kudhuru njiani, bila hata kuikanyaga njia yenyewe.

Ramani iliyokuwa tupu

Usiku ule shemeji alifungua ramani kwenye simu. Njia tuliyopita ilikuwa mstari mwembamba usio na jina. Madaraja na kalavati hazikuwemo. Njia ndefu iliyomkwamisha wifi haikuwemo kabisa. Basi mtu angewezaje kusema "hapa ndipo palipokatika" ikiwa hapo hapana pa kuelekeza kidole?

Mmoja wetu alisoma mambo ya ardhi, na yeye ndiye aliyetufungua macho. Ipo ramani ya dunia nzima inayochorwa na watu wa kawaida, inaitwa OpenStreetMap. Ilianza Uingereza mwaka 2004. Mtu yeyote anajisajili bure na kuchora njia ya kwao, kisima, skuli, daraja. Wengine huchora kutoka kwenye picha za satelaiti wakiwa mbali, lakini majina na hali halisi huyajua aliyepo.

Kwetu Tanzania kazi hii si ngeni. Dar es Salaam, mwaka 2015, ulianza mradi wa Ramani Huria: wanafunzi wa vyuo na wakazi wa mitaa wakatembea kwa miguu kuchora vichochoro na mifereji, na kuuliza wenyeji maji ya mafuriko yalifika wapi ukutani. Hapa Zanzibar, kuanzia mwaka 2016, Kamisheni ya Ardhi na Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar walirusha ndege ndogo zisizo na rubani kupiga picha visiwa vyetu kutoka juu. Kenya, Januari 2008, wakati wa machafuko ya baada ya uchaguzi, vijana walitengeneza Ushahidi, watu wakituma ujumbe wa simu wa walichokiona na kikionekana kwenye ramani. Jina hilo ni la lugha yetu, na programu yake ikaja kutumika mpaka Haiti kwenye tetemeko la mwaka 2010.

Ila iliyotugusa zaidi ni ya Mugumu, Serengeti. Huko wasichana wanaokimbia kukeketwa hupiga simu kuomba msaada, mara nyingi usiku, na waokoaji walikuwa wanapoteza muda kukitafuta kijiji kisicho kwenye ramani. Watu wa Crowd2Map, walioanza mwaka 2015, wakachora njia na vijiji ili gari ya msaada ifike. Tukasema, ikiwa ramani inaweza kumfikia msichana gizani, ingeweza pia kumfikisha wifi yetu kwa mkunga.

Fungate ya kuchora

Biharusi alikuwa ndani na fungate yake, somo mlangoni. Sisi watatu tulikuwa na siku saba. Kila mvua ilipotulia tulitoka na simu, tukifuatana na mama mmoja jirani anayejua Kisubi na anayeijua kila njia ya kwenda sokoni.

Tuligundua mapema kwamba wanaoijua njia si wale wenye simu kubwa. Wanawake wanaokwenda kisimani walijua kijito kipi hujaa baada ya mvua ya saa moja na kipi hungoja mpaka kesho yake. Kijana wa bodaboda alijua kalavati ipi imeanza kuliwa chini na maji ingawa juu inaonekana nzima. Mwenye duka alijua malori yaligeukia wapi. Sisi kazi yetu ilikuwa kusimama pale, kuweka alama, na kuandika jina wanalopaita wao. Tuliweka njia na vivuko na madaraja tu. Nyumba za watu na mambo ya ndani hatukuyagusa, hiyo ni stara yao.

Hapa kuna jambo la kiufundi, wapenzi, nalo si gumu. Ile ramani kubwa ni ya vitu vinavyodumu: njia, daraja, mto. Maji yaliyojaa leo na kukauka kesho hayafai kuchorwa humo, kwa sababu wengi hupakua ramani kwenye simu ili waitumie bila bando, na ramani iliyopakuliwa haijui kilichobadilika leo. Maji ya leo yanawekwa kwenye tabaka lake, kama mtandio juu ya nguo. Sisi tulitumia uMap, ni bure. Tukaweka alama nyekundu kwa pasipopitika, njano kwa panapopitika kwa tabu, na kiungo chake tukakituma kwenye lile lile kundi la familia.

Na tukawekeana sharti. Habari ya njia haipokelewi bila mambo manne: mahala, uliotumwa kwa kitufe cha eneo cha WhatsApp, saa uliyopaona, kama umepaona kwa macho yako au umesikia, na chombo gani kinapita, mguu, bodaboda, gari ndogo au lori. Anayeishi Nyantakara ni mdogo wetu, na mtandao wake ni wa kubahatisha. Sisi Unguja mtandao upo. Kwa hiyo tukakubaliana: yeye atatuambia, hata kwa simu ya kawaida ya kitochi, sisi tutaweka alama. Siku ya kuagana alilia, akasema, "Basi kila mvua ikinyesha mtanipigia." Tukamwambia, hiyo ndiyo maana yake.

Mara ya pili

Tulirudi Dar mwanzoni mwa Mei tukakutana na Kimbunga Hidaya. Mamlaka ya Hali ya Hewa ilikuwa ikitoa taarifa mara kwa mara, kila moja na saa yake. Usafiri wa boti kwenda Unguja ukasimamishwa. Nyumba tuliyofikia walikuwepo wageni waliotaka kwenda Mtwara, nao wakakwama, maana barabara ilikatika maeneo ya Somanga, Kilwa. Tulikaa pale tukijifunza tofauti ya tangazo na uvumi: tangazo lina saa, na likija jingine unajua lipi la mwisho.

Tukajiona tumeshaelewa. Tukarudi Unguja na ramani yetu, tukifurahi kuona watu wanaifungua. Mwishoni mwa Mei mdogo wetu akapiga simu, sauti yake si ya kawaida. Kulikuwa na alama nyekundu kwenye kivuko kimoja. Tuliiweka siku ya mvua kubwa. Maji yalishuka kesho yake, vijana wakajaza mawe, njia ikapitika. Sisi tulikuwa kwenye shughuli ya harusi nyingine, hatukuifuta. Mama mmoja anayeuza ndizi, aliyekwisha kuamini ramani yetu kuliko maneno ya watu, hakwenda mnadani. Mikungu yake ikaiva uani.

Sasa hapo hapakuwa na mtu wa tatu wa kuongeza daraja. Alama ilikuwa yetu, ya kweli siku ilipowekwa, na uongo siku ya pili yake. Tulimtumia mama yule thamani ya ndizi zake. Lakini tulikaa tukaulizana, ni nini hasa tunachokosea? Tukaona ni kile kile. Tulikuwa wepesi wa kutangaza kwamba njia imefungwa, kwa sababu habari hiyo ina kishindo. Njia ikifunguka, hakuna anayepiga picha ya tope kavu.

Tangu hapo tuna kanuni moja, nayo tunaiona kama deni: ukiifunga njia kwa habari, ni wajibu wako kuifungua. Kila alama nyekundu ina jina la mmoja wetu watatu. Aliyeiweka hupiga simu kila siku baada ya alfajiri mpaka aifute. Zikipita saa 24 bila jibu, alama inageuka kijivu, yaani hatujui. Mwanzo tuliona aibu kuandika "hatujui" mbele ya watu. Lakini dereva mmoja alimwambia shemeji kwamba kijivu ndiyo anayoiamini kuliko zote, kwa sababu akiiona anapiga simu kabla hajawasha gari.

Kwa biharusi na wanaomsindikiza

Ikiwa harusi yenu ni ya safari wakati wa mvua, ongezeni haya kwenye orodha ya hina na udi:

Pakueni ramani ya njia nzima kwenye simu kabla hamjatoka. Alama ya mahala ulipo inafanya kazi hata bila bando.

Mchagueni mtu mmoja upande wa wakwe, anayekaa huko, wa kuulizwa hali ya njia asubuhi ya safari. Mmoja, si kundi zima. Barabara kubwa ziko chini ya TANROADS na za vijijini na mitaa chini ya TARURA. Tangazo lao likiwepo, hilo ndilo la kufuata.

Msitume picha ya maji bila mahala na saa. Na ikiwa mmeiona tu njiani, semeni hivyo.

Mkikuta maji yanakimbia juu ya njia, msiyapime kwa macho. Maji ya magotini yanatosha kumwangusha mtu mzima, na gari ndogo huelea mapema kuliko unavyodhani. Harusi inasubiri.

Na mkishafika, tumeni ujumbe wa pili: "Tumepita saa fulani, njia nzima." Huu ndio tuliousahau sisi.

Kalavati sasa anatembea. Bibi bado yuko hai, alhamdulillah, na kila mvua ikinyesha Nyantakara simu yetu moja hulia Unguja. Mdogo wetu huanza na salamu, kisha hali ya kivuko, kisha ndipo tunapoulizana ya moyoni. Zamani tulikuwa tunapigiana Idi mpaka Idi.

Nanyi, kwenye kundi lenu la familia, ipo picha ya mafuriko mliyoisambaza? Kaangalieni kama njia ile imeshafunguka. Ikiwa imefunguka, waambieni watu.

Maasalaam.